Kiingereza cha Nyuma ya Ukuta

Jumapili, 10 Machi 2002. Kitengela

Mvua imekataa kunyesha na mimi nimekataa kutulia. Nimeanza kufua nikaacha, nikaanza kuchambua maharagwe nikaacha, sasa naandika. Ann alisema ukiandika mambo yako kichwa kinapoa. Ann ni muuguzi mwenzangu hospitalini Kajiado, na kwa kuwa yeye alipita mtihani wa Kiingereza wa kuzungumza mara ya kwanza, kila anachosema siku hizi anakisema kama mtu aliyeshuka mlimani na mbao mbili za mawe.

Mimi nilianguka Januari. Kusoma nilipita, kuandika nilipita, kusikiliza nilipita. Kuzungumza ndiko kulikonishinda. Mzungu aliniuliza nafanya kazi wapi, nikamwambia, "I am in hospital for six years." Akanipa pole kwa sauti ya msibani. Nikamshukuru. Ni Ann aliyekuja kunieleza kwamba nilikuwa nimemwambia nimelazwa miaka sita.

Nimebakiwa na nafasi moja, tarehe 18 Mei. Hospitali ya huko Uingereza imesema kupitia wakala kwamba itanishikia kazi mpaka Juni. Nikianguka anapewa mwingine. Nikipita naenda miaka mitatu, na Beverlyne wangu, mwenye miaka minne, anabaki. Nataka kupita, na naogopa kupita. Sijui mtu anayetaka kitu na kukiogopa kwa wakati mmoja anaitwaje.

Jumanne, 12 Machi

Vumbi. Hakuna jipya.

Alhamisi, 14 Machi

Leo ukuta umeniongelesha.

Ploti yetu ni vyumba vya mstari mmoja chini ya bati moja, na kuta hazifiki juu. Jirani akipiga chafya unampa pole bila kuinuka. Chumba cha upande wangu wa kulia anakaa baba mkwe wangu, Mzee Nalianya. Alivunjika mguu Novemba huko Bungoma, akaletwa Nairobi kutiwa chuma, na daktari anataka kumwona kila mwezi. Kwetu mzee halali ndani ya nyumba ya mwanawe, kwa hiyo Baba Bev, mume wangu, alimkodishia chumba hicho mwezi uliopita alipotoka wodini. Kwamba bati ni moja, mzee aliamua kutoliona.

Tena kwetu mimi na yeye hatupeani mkono wala hatuketi tukitazamana. Namwekea chakula mezani, macho chini, natoka. Nimeolewa miaka saba, na ukiniuliza kama baba mkwe wangu ana masharubu, nitabahatisha. Ninachojua ni kwamba alifundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu na kwamba wanafunzi wake walimwogopa.

Basi nilikuwa nasoma sentensi zangu kwa sauti. "I am in home," nikasema. Ukuta ukasema, "At." "At home," ukuta ukarudia. Nilimwaga chai yote kwenye leso, nikatoka nje kuzunguka choo bila sababu.

Ijumaa, 15 Machi

Beverlyne ametumwa. Alisimama mbele yangu mikono nyuma akasema, "Kuka anasema, kila siku baada ya chai ya jioni." Kuka ndiye babu. Nilitaka kusema niko na kazi nyingi. Nikasema, "Mwambie asante."

Jumatano, 20 Machi

Tunaketi hivi: mzee nje ya mlango wake, mguu juu ya mtungi, anatazama geti. Mimi ndani ya mlango wangu, natazama kabati la vyombo. Kati yetu kuna ukuta na kuku wa Muthoni. Muthoni ndiye mwenye ploti.

Somo la leo ni kwamba Mwingereza hasemi anachotaka. Akitaka dirisha lifunguliwe, anauliza kwanza habari za moyo wako. "Would you mind opening the window?" Yaani, ungeudhika kulifungua? Mimi wodini nasema "Open the window" na dirisha linafunguka. Nikaliuliza kabati, je, na nikiudhika? Mzee akajibu kutoka nje kwamba huwezi kuudhika. Jibu ni "Not at all," hata kama dirisha lenyewe linakuangukia. Alisema tangu Waingereza waumbwe hakuna aliyejibu swali hilo kwa ukweli.

Muthoni alikuwa anaanika nguo. Akasema huo ni uongo umevalishwa suti. Mzee akamwambia ni heshima. Muthoni akasema heshima yao ni ndefu, mtu atakufa na kiu akizungukwa na visima, akachukua beseni lake akaenda.

Ijumaa, 22 Machi

Nimejaribu heshima ya Kiingereza kwa Kiswahili, wodini. Kuna koko mmoja, bibi mzee wa Kimaasai kutoka upande wa Mashuuru. Nilimsalimu "Takwenya," akaitikia "Iko," tukawa marafiki. Kisha badala ya kumwambia kunywa dawa, nikamuuliza kwa upole, "Koko, ungependa kunywa dawa?" Alifikiria vizuri. Akasema, "Kama ni kupenda, sipendi," akanirudishia kikombe. Ilibidi Ann aje amwamrishe, akanywa bila neno.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Mvua imekuja. Imekuja yote siku moja, na udongo mweusi wa Kitengela umeamka. Kwenda dukani unarudi na kilo mbili kila kiatu.

Kwa ajili ya mvua mzee aliingia chumbani mwake, na somo likapitia juu ya ukuta. Tulikuwa kwenye neno "must". Nilisema hilo nalijua, ni lazima, hakuna kuzunguka. Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Akasimulia kwamba alipokuwa mwalimu kijana, mwalimu mkuu wake, Mwingereza, alimwambia njiani, "You must come to tea sometime." Mzee akasikia "must". Mkubwa amesema lazima. Jumapili akavaa suti ya harusi, akakamata kuku jike, maana huendi kwa mtu mikono mitupu, akatembea maili sita mpaka mlangoni. Mzungu akafungua akiwa na kaptura na povu la sabuni mashavuni. Hakuwa na habari ya chai yoyote. Lilikuwa neno la kuagana tu, kama sisi tunavyosema tutaonana. Mke wa mzungu akampokea kuku akidhani ni wa kufugwa, akampa jina la shangazi yake, na yule kuku akazeeka pale shuleni, mzee akimpita kila asubuhi akienda darasani.

Ploti nzima ilicheka, maana ploti nzima ilikuwa inasikiliza. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa leso. Kisha nikakumbuka ni baba mkwe, nikajikohoza.

Ijumaa, 5 Aprili

Matope. Somo. Matope.

Jumanne, 9 Aprili

Asubuhi Muthoni alikuwa anamwambia fundi wa bomba kwa simu, "Could you possibly come before Christmas?" Fundi alikuja saa sita. Muthoni sasa anasema kuna kitu katika haya mambo.

Mimi napiga hatua. Sisi tunasema "nyumbani" na tunamaliza, uwe ndani, mlangoni, au njiani unarudi. Mwingereza anataka ujipange: uko "in", uko "at", au bado uko "on the way"? Mzee anasema ni watu wanaopenda kujua mtu amesimama wapi hasa. Nilijiuliza mimi nimesimama wapi, nikakosa neno dogo la kunifaa. Somo likiisha siwezi kuketi. Napanga vyombo, navipangua.

Jumapili, 14 Aprili

Baba Bev alikuja kutoka Magadi, ngozi imekauka kwa lile joto na chumvi. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha magadi huko na anakuja wikendi mbili kwa mwezi. Yeye alisema "ukienda". Mimi nikasema "nikipita". Tulirudia maneno hayo mawili mpaka chakula kikapoa, kisha akaenda kukaa kwa baba yake. Niliwasikia wakiongea Kibukusu kwa sauti ya chini, na jina la mtoto lilitajwa mara nyingi.

Jumamosi, 20 Aprili

Nina hasira leo, acha niseme.

Nilirudi kazini mapema, nimelowa. Kabla sijafungua mlango nikasikia chumba cha mzee. "Where is your mother?" Na sauti ndogo ya Beverlyne, "My mother is at work." Tena, "Where is your mother?" "My mother is at work." Akamrudisha na kumrudisha, kama anamkaririsha sala. Mtoto akakosea, akasema, "My mother is away," yaani ameenda mbali. Mzee akamkatiza. "No. Not away. At work."

Sijaenda popote, na tayari nimezikwa kwa Kiingereza. Mtihani bado, na mzee ameshamchukua mtoto. Sasa naelewa kwa nini ananifundisha kwa bidii hivi. Nikiondoka, mjukuu anakuwa wake na Bungoma inapata mtoto wa kufukuza ndege kwenye mtama. Jioni sikuketi mlangoni. Mzee alikohoa mara mbili, akangoja, hakukohoa tena.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimerudi mlangoni. Hasira haifaulu mtihani.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua usiku na mchana. Choo kimefurika.

Jumamosi, 4 Mei

Aibu ya leo iandikwe yote, nisije nikaipunguza baadaye.

Wakala aliniita ofisini kwake Nairobi nikafanyishwe mtihani wa mfano na mzungu mstaafu. Niliingia na viatu safi, vya udongo nimeviacha kwenye mfuko. Nikakuta mzee wa nywele nyeupe, fimbo imeegemezwa mezani. Akasema, "Good morning, Dolphine. Would you like to sit down?" Nami nikamjibu vizuri kabisa na kuketi.

Nilizungumza. Wallahi nilizungumza. "I work at a hospital in Kajiado, I have been there for six years." Kila neno dogo likaketi mahali pake. Nilisema "I would rather" na "I might have". Nilikuwa nasikia raha.

Baada ya muda niliona yule mzee anasogeza kiti kuja upande wangu. Nikasogeza changu. Akasogeza tena. Tulikuwa tumeshazunguka robo ya meza ndipo alipoweka kalamu chini akaniuliza, kwa upole sana, nilikuwa nazungumza na nani. Nikatazama mbele yangu. Nilikuwa nimeelekea kabati la mafaili.

Alisema Kiingereza changu ni kizuri kuliko cha wengi. Lakini mtihanini watadhani nimekariri, na wodini Uingereza mgonjwa atadhani namficha jambo. Akaniomba nijaribu tena nikimtazama. Nikamtazama. Ule uso mzee, zile nywele nyeupe. Maneno yote yakanitoka. Nikasema, "I am in..." nikaishia hapo.

Jumatatu, 6 Mei

Nilimjaribu Ann wakati wa chai, uso kwa uso. Kiingereza hakiji. Akigeuka kuosha kikombe, kinakuja. Ann alicheka mpaka akashika meza, kisha akaona sicheki, akanishika mkono. Zimebaki siku chache na mimi najua kuzungumza na makabati.

Kwa nani niseme? Mwalimu wangu ndiye mtu pekee duniani ambaye siwezi kumwambia hili.

Jumanne, 7 Mei

Nilimwambia Muthoni. Kumwambia Muthoni ni sawa na kupanda juu ya bati ukatangaza. Baada ya chai ya jioni nilikaa mlangoni. Mzee hakufundisha.

Alhamisi, 9 Mei

Hajafundisha bado. Ametuma mtu ampigie Baba Bev simu aje. Nadhani anarudi Bungoma. Nimechoma ugali.

Jumapili, 12 Mei

Baba Bev alifika jana. Leo baada ya kanisa mzee alimwambia atoe meza yangu nje, aiweke chini ya ukingo wa bati, katikati ya mlango wangu na wake, pasipo nyumba ya mtu. Viti viwili, kila upande kimoja.

Baba Bev alielewa kabla yangu. Akasimama na meza mikononi. Alisema kwa heshima, lakini alisema, "Baba, watu wa nyumbani wakisikia?"

Mzee akamjibu, "Mimi ndio watu wa nyumbani."

Meza ikawekwa. Mzee akaingia kwake akatoka na kuku jike, miguu imefungwa. Alikuwa amemwagiza Muthoni sokoni. Akampa Baba Bev, Baba Bev akanipa mimi. Mzee akasema mila haivunjwi mikono mitupu, na huyu achinjwe leo hii, asije mtu akampa jina. Hata Baba Bev alitabasamu kidogo, kisha akamshika Beverlyne mkono wakaenda kusimama getini, migongo kwetu. Muthoni akafunga dirisha lake, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Good morning," mzee akasema. "Would you like to sit down?"

Niliketi. Nilitazama meza. Niliona vidole vyake, virefu, kucha zimekatwa vizuri. Nilitamani mvua inyeshe tukimbie. Akangoja. Kisha akaacha ile heshima ya Kiingereza ya kuzunguka.

"Look at me."

Nikainua macho. Ana masharubu. Meupe, yamenyooshwa. Na ukope wake wa kushoto umelegea kidogo kuliko wa kulia, vilevile kama Beverlyne akisikia usingizi. Miaka saba nimekuwa nikijiuliza mtoto wangu ameutoa wapi ukope ule. Na nikaona kwamba yeye naye anaogopa. Jasho lilikuwa juu ya mdomo wake na hakulifuta.

Kiingereza kilikimbia chote. Aliuliza kuhusu kazi yangu. Akauliza tena bila kuongeza sauti. Mara ya tatu nikasema "I work at a hospital," na hiyo "at" ikanishika kama mkono wa mtu kwenye matope. Nikaendelea. Tulikaa pale mpaka jua likahama. Mwisho akaniuliza, nikienda, nitakosa nini.

Nikasema, "My daughter." Nikafikiri, nikaongeza, "And the wall."

Akatazama pembeni, yeye ndiye aliyetazama pembeni, akasema saa ya kuku imefika.

Jumamosi, 18 Mei

Mtahini alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, ana madoa ya jua puani. Baada ya yote yale! Nilimtazama machoni mpaka yeye akainamisha yake. Sijui.

Jumatano, 29 Mei

Mvua inapungua. Wakala hajapiga. Simu ni ya Muthoni, na kila ikilia ploti nzima inanyamaza. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Ijumaa, 7 Juni

Simu ililia saa nne asubuhi. Muthoni alikuja mbio na kandambili mguu mmoja. Nimepita. Kazi ni yangu, natakiwa Agosti. Muthoni alipiga vigelegele na watu wakatoka vyumbani kunishika mkono. Mlango wa mzee ulibaki umefungwa.

Nilipika, nikampelekea, nikatoka. Sikuweza kukaa. Nilifagia, nikafagia tena. Baada ya chai ya jioni nilivuta kiti changu mlangoni, nikaelekea kabati la vyombo kama zamani, maana kuna mambo bado ni rahisi hivyo. Nilimsikia anatoka, anaweka mguu juu ya mtungi.

Kwa Kibukusu nisingethubutu kumuuliza. Kwa Kiswahili ningelia. Nikauliza kwa kile alichonipa.

"Baba, would you mind if I went?"

Jibu nalijua, alinifundisha yeye. Nilingoja "Not at all" niweze kwenda zangu kuosha sufuria. Halikuja. Nilisikia mtungi ukisogezwa, kisha fimbo, kisha hatua zake nzito kwenye udongo mkavu. Akaja akasimama mbele ya mlango wangu, nikageuka, akanitazama usoni.

"Yes," akasema. "I would mind very much."

Kuku wa Muthoni walipita kati ya miguu yake. Hakuwaona.

"Nenda, mwanangu," akasema.

Akarudi kwake polepole. Baada ya muda nikamsikia akimwita Beverlyne, akamuuliza mama yake yuko wapi. Mtoto akajibu bila kukosea, "My mother is at work," si "away". Nilishika ukuta kwa kiganja, ulikuwa bado na joto la mchana, na nikalia pale kwa haki yangu.

Nimekunja nguo zote za Beverlyne. Zangu bado.